Usukani wa trekta kuukuu ukilegea, usikimbilie kukaza skrubu

Trekta ya zamani ikishaanza kuzungushwa usukani robo mzunguko kabla magurudumu ya mbele hayajaitika, dereva huizoea. Kwenye matuta, kwa mwendo wa jembe, hali hiyo huvumilika. Barabarani, nyuma kukiwa na tela lenye mzigo, inaweza kuua mtu. Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kukaza skrubu ya marekebisho iliyo kwenye boksi la stelingi, yaani boksi lenye gia za usukani, na mara nyingi dawa hiyo ndiyo inayolimaliza boksi lenyewe.

Gia za ndani huchakaa zaidi katikati, kwa kuwa trekta hutembea mbele moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko inavyokata kona. Ukikaza mpaka mchezo (ulegevu) wa katikati uishe, sehemu za pembeni ambazo bado ni nzima zitabana. Usukani utakuwa mzito kwenye kona na gia zitakwaruzana. Kwa hiyo marekebisho hufanywa magurudumu yakiwa yameelekea mbele, kidogo kidogo, kisha usukani unazungushwa mpaka mwisho pande zote mbili. Ukibana pembeni ilhali katikati bado unacheza, skrubu imefika mwisho wa msaada wake. Boksi linataka kufunguliwa.

Hata hivyo, hakikisha kwanza kwamba ubovu uko humo. Maboksi mengi hufunguliwa bure. Zima injini, magurudumu yakiwa chini, na mwenzako azungushe usukani kidogo kushoto na kulia. Tazama mkono unaotoka kwenye boksi. Ukichelewa kusogea, tatizo ni boksi. Ukisogea papo hapo na gurudumu likabaki kimya, kagua tairodi endi, yaani viungo vya ncha za fimbo zinazogeuza magurudumu. Kisha inua mbele, shika tairi juu na chini, ulitikise. Habu (kitovu cha gurudumu) ikicheza peke yake, beringi zimelegea au zimekwisha. Ikicheza pamoja na spindo yake (shafti fupi inayobeba habu), angalia kingpini, yaani pini ambayo spindo hugeukia, na bushi zake.

Kuinua huku kuna hatari yake. Eksli ya mbele ya trekta nyingi imeshikwa na pini moja katikati, hivyo trekta inaweza kulala upande ghafla. Gonga kabari za mbao kati ya eksli na fremu pande zote mbili, zuia magurudumu ya nyuma, weka stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Kabla ya kufungua, osha boksi na eneo lote kwa nje; mchanga ukiingia ndani utaharibu kazi yote. Piga alama kwenye mkono na kwenye shafti yake ili zirudi kwenye meno yale yale. Usukani na mkono vitolewe kwa pula (kifaa cha kuvutia), si kwa kupiga nyundo kwenye ncha ya shafti, maana pigo hilo huishia kwenye beringi. Oili ikitoka na weupe, maji yameingia, mara nyingi kwa juu kupitia nguzo ya usukani.

Ndani, tafuta vishimo na michubuko kwenye parafujo ya gia (sehemu yenye nyuzi inayozungushwa na usukani) na kwenye njia za beringi. Kama boksi ni la gololi, badilisha zote pamoja kwa saizi moja, uzishikize kwa grisi wakati wa kuzipanga. Sili (kizuia oili) inayovuja isibadilishwe peke yake: shafti ikicheza kwenye bushi iliyochakaa, sili mpya nayo itavuja muda si mrefu. Shimu za kifuniko (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) zipunguzwe moja moja mpaka shafti ya usukani isiwe na mchezo wa kwenda juu na chini, lakini izunguke laini kwa mkono.

Kuhusu oili, fuata kitabu cha trekta. Boksi lililotengenezewa oili ya gia lisijazwe grisi nzito eti kwa sababu linavuja. Gia huisukuma pembeni na yenyewe hairudi, gia zikabaki kavu.

Wakati wa kufunga, hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, urudishe nusu yake. Hapo ndipo katikati, na magurudumu yawe yameelekea mbele. Hakikisha vizuizi vya kona vilivyo kwenye eksli vinagusa kabla boksi halijafika mwisho wake, la sivyo kila kona kali italipiga boksi. Pini za kufungia nati ziwe mpya. Mkono au fimbo iliyopinda au kupasuka ibadilishwe. Usikubali ichomelewe wala inyooshwe kwa moto.

Mwisho pima umbali kati ya magurudumu ya mbele, kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha habu, ukalinganishe na kitabu. Endesha taratibu mahali pa wazi bila tela, na baada ya saa chache za kazi rudia kukagua nati zote na usawa wa oili.