Somo: Kirusi cha shotikati kinachorudi kila ukikifuta

Hapa Tanga nakiona zaidi kwa walimu na wanafunzi. Flashi imepelekwa steshenari huko Ngamiani kuchapa mtihani, ikirudi nyumbani folda zote zimegeuka shotikati, yaani vikoni vya njia ya mkato vinavyoelekeza kwingine. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, ndiyo maana mtu hashtuki. Kumbe kirusi kimeshaingia kwenye kompyuta, na kila flashi utakayochomeka itaambukizwa. Wengi hufomati flashi kisha huichomeka kwenye mashine ileile. Hapo mtafukuzana mpaka mchoke. Anza na kompyuta.

1. Chomoa flashi zote, zima intaneti.

2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Kwenye Details tafuta wscript.exe, kisha End task. Hiyo ni programu halali ya Windows ya kuendesha skripti (mafaili ya amri, kama .vbs na .js), kwa hiyo usiifute. Yenyewe imetumwa tu.

3. Bonyeza Windows na R, andika shell:startup. Ukikuta faili la .vbs au .js usilolijua, futa. Kisha fungua Task Scheduler, yaani ratiba ya kazi ambazo Windows huziendesha yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Virusi vingi vya aina hii hujiandikia kazi ya kuamshwa kila baada ya dakika kadhaa, ndiyo maana unafuta asubuhi, mchana kimerudi. Tafuta kazi inayoita wscript na kuelekeza kwenye faili lililo ndani ya AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka data zake. Mara nyingi jina lake ni herufi zisizosomeka. Nakili mahali lilipo faili kwenye karatasi, futa kazi, halafu nenda ukalifute faili lenyewe. Ukifuta kimoja ukaacha kingine, kazi bure.

4. Washa intaneti, sasisha Windows Security (kinga ya Windows, ambamo ndimo ilimo Defender), kisha chagua Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajiwasha upya na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, hivyo kirusi hakipati pa kujificha. Huchukua kama dakika 15. Kama ni ya mezani na huna UPS (betri ya akiba), subiri saa ambayo umeme hauchezi.

5. Sasa flashi. Chomeka, usibofye kitu, ikague kwa Defender, futa shotikati. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri. Kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafaili yalikuwa yamefichwa tu. Usipoyaona, angalia kama kuna folda isiyo na jina.

MASWALI

— Kaka, yangu ni Windows 7, hiyo Offline siioni.
Hutaiona, imewekwa ndani kuanzia Windows 10. Na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020. Hamisha mafaili yako, weka Windows mpya zaidi kama mashine inaimudu.

— Fundi aliniwekea Office ya bure, Defender inapiga kelele kila siku. Niizime?
Usiizime, dada. Toa hiyo Office. LibreOffice ni bure kihalali na inafungua faili za Word.

— Shikamoo mwalimu. Nywila zangu je?
Marahaba. Zibadilishe kwa simu, siyo kwa mashine ambayo bado inaumwa. Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

— Na steshenari tutaendelea kwenda, tufanyeje?
Geuza kazi iwe PDF, uwatumie kwa WhatsApp au barua pepe. Flashi ibaki nyumbani.