Uraia wa Kenya: hatua zote, na faili likilala (soma kabla hujaniuliza)

Nimejibu swali hili hadi vidole vinauma. Naandika mara moja tu, kwa mtu mzima anayetaka kuandikishwa kuwa raia.

1. Jua mlango wako: Kifungu cha 15 cha Katiba kinataka miaka 7 ya ndoa na Mkenya, au miaka 7 ya kuishi hapa kihalali, mfululizo.

2. Kwa mlango wa ukaaji, Kiswahili au lugha ya kienyeji uwe unakiongea.

3. Jaza ombi mtandaoni, lipa, tunza risiti.

4. Vibali vya ukaaji. Hapa ndipo nilipoanguka. Kibali changu kiliisha tarehe 3, nikaomba kingine tarehe 24. Niliona si kitu. Siku ya mahojiano ofisa alifungua pasi zangu mbili, akafuata mihuri kwa kidole, akasimama palepale. "Hizi siku 21 ulikuwa nani hapa?" Sikuwa na jibu. Neno ni MFULULIZO. Omba kipya kabla cha zamani hakijaisha. Na ile miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba, kaa Kenya. Usinihadithie harusi ya binamu ughaibuni.

5. Faili likilala, usiende kupiga kelele dirishani. Andika barua ukitaja namba ya ombi, uulize limefika wapi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kimya kikizidi, ipeleke kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali; kulalamika hakulipiwi.

MASWALI

— Ni pesa ngapi na inachukua siku ngapi?

Hatua ya 3, ada utaiona ukilipa. Siku hakuna anayezijua. Broka akikuahidi wiki mbili, anahesabu pesa yako.

— Nikiupata kwa ndoa halafu tuachane?

Unabaki nao. Kifungu cha 13 cha Katiba.

— Sasa hiyo miaka 7 lazima iwe mfululizo?

Umesoma nini hapo juu?

— Shikamoo dada. Mimi ni Mtanzania, nitabaki na pasi zote mbili?

Marahaba, mdogo wangu. Kenya haina shida, ila Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo fikiria kwanza. Sisi wa Uganda tunaruhusiwa. Ukiwa na uraia wa nchi mbili, tangaza ule mwingine ndani ya miezi 3, maana kunyamaza ni kosa la jinai.

— Nyongeza ya hatua ya 4: mimi hupiga picha kila muhuri nikivuka mpaka wa Busia.

Wazo zuri sana hilo. Na pasi ya zamani iliyokatwa kona usiitupe, mihuri yako imo humo.