Kuunganisha Commodore 64 na kompyuta nyingine za zamani kwenye skrini na projekta za leo

Anayepata kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, iwe Commodore 64, ZX Spectrum au Amiga 500, kwa kawaida huanza kwa kutafuta waya ambao plagi yake itaingia nyuma ya televisheni aliyonayo. Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu plagi kuingia ni jambo moja na picha kuonekana ni jambo jingine. Kompyuta hizi zilitengenezwa zitumie televisheni za kioo cha wakati huo, na nyingi huchora mistari ya picha ipatayo 15,600 kwa kila sekunde, ilhali kiwango cha VGA cha monita za kompyuta, kilichotoka mwaka 1987, kinahitaji mistari 31,500. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fahamu kwanza kompyuta yako inatoa mawimbi ya aina gani, kisha soma katika kitabu cha skrini au projekta yako ni yapi inayoyapokea.

Hata kabla ya picha, kuna umeme. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mashine hizi hazitengenezwi tena. Adapta ya asili ya Commodore 64 ni tofali zito, mara nyingi lililojazwa gundi ngumu ndani, na inapozeeka huweza kutoa zaidi ya volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu mara tu unapowasha. Ipime kwa mita kabla ya kuichomeka. Ikizidi volti 5.25, usiitumie kabisa. Kipimo kizuri nacho hakikuhakikishii usalama, kwani hitilafu huweza kujitokeza baada ya adapta kupata moto, na ndiyo maana mimi hupendekeza adapta mpya iliyotengenezwa mahususi kwa mashine hii. Ikiwa kompyuta ilitoka Marekani, adapta yake ni ya volti 120 na itaungua kwenye soketi zetu. Ukiibadilisha, picha itabaki ya NTSC, yaani mfumo wa televisheni wa Marekani, kwa kuwa mfumo huo umo ndani ya chipu ya picha yenyewe. Mashine za Uingereza na Ujerumani ni za PAL, mfumo uleule uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania.

Njia rahisi kuliko zote ni tundu la antena, na kwa ZX Spectrum ya mwaka 1982 ndiyo njia ya kawaida, ambapo unaitafuta kwenye chaneli ya 36 ya UHF. Wapo wanaodhani njia hii ilikufa pale matangazo ya analojia yalipozimwa. Kilichozimwa ni mitambo ya vituo. Televisheni yako ikiwa bado ina sehemu ya kutafuta chaneli za analojia, itaipata Spectrum yako bila shida. Picha yake, hata hivyo, huwa na chengachenga, na projekta kwa kawaida hazina tundu la antena.

Commodore 64 ina njia bora zaidi, na hapa inafaa kutulia. Nyuma yake kuna tundu la mviringo la DIN. Mashine za mwanzo kabisa zina pini 5, na zilizofuata zina pini 8. Lile la pini 8 hutoa mwangaza katika waya mmoja na rangi katika waya mwingine, na mgawanyo huo ndio unaotakiwa na S-Video, tundu dogo la mviringo la picha lililopo kwenye baadhi ya televisheni na projekta. Ukitumia kompoziti, yaani ule waya wa plagi ya njano, mwangaza na rangi hupita pamoja, na kingo za herufi huvuja rangi. Ukiagiza plagi ili utengeneze waya mwenyewe, kumbuka kwamba plagi za DIN za pini 8 ziko za aina mbili zinazofanana sana kwa macho, moja ikiwa na pini zilizopangwa kwenye upinde wa nyuzi 262 na nyingine wa nyuzi 270. Unayoihitaji ni ya nyuzi 262.

Waya wa kwanza niliotengeneza ulinipa picha, lakini ile skrini ya buluu yenye maneno READY ilikuwa imejaa vijimraba kama kitambaa cha drafti, na rangi zilikuwa kali kupita kiasi. Sababu ni kwamba Commodore 64 hutoa mawimbi ya rangi yenye nguvu kuliko ambayo S-Video ya kawaida inatarajia. Nililehemu rezista moja ya ohm 330 katikati ya waya wa rangi, ndani ya plagi yenyewe, na vile vijimraba vikatoweka. Mstari wa 38911 BASIC BYTES FREE ukasomeka herufi kwa herufi kutoka upande wa pili wa chumba. Rezista hiyo ni ya bei ndogo mno, na ningependa kila anayeuza waya hizi aiweke.

Amiga 500 ya mwaka 1987 ina tundu la pini 23 linalotoa RGB safi, yaani nyekundu, kijani na buluu kila moja katika waya wake, lakini kompoziti yake haina rangi. Usidanganywe na adapta inayobadilisha pini 23 kuwa VGA: inabadilisha umbo la tundu tu, na mistari hubaki ileile 15,600, kwa hiyo monita nyingi za VGA zitakataa na kubaki nyeusi. Tumia waya wa SCART, ile plagi pana ya televisheni za Ulaya, uingie kwenye televisheni yenye tundu hilo, au kwenye kifaa cha kuzidisha mistari kama OSSC, ambacho hutoa HDMI.

BBC Micro, kompyuta ya Uingereza ya miaka hiyohiyo, nayo hutoa RGB, ila kwa kiwango cha volti 5, wakati SCART inataka volti 0.7, hivyo usiunganishe moja kwa moja bila rezista za kupunguza.

Kuhusu vile vikonvata vidogo vya bei nafuu vya kutoka AV, yaani ile kompoziti, kwenda HDMI, nilinunua kimoja ambacho kilionyesha picha ikiruka kila baada ya sekunde chache. Vingi huichukulia picha ya kompyuta hizi kana kwamba ni ya matangazo ya televisheni, ambayo mistari yake hupishana, na hutoa picha 60 kwa sekunde hata pale mashine inapotoa 50, hivyo mchezo unaosogea kwa ulaini huanza kushtukashtuka. Kwa kusoma maandishi vinatosha; kwa michezo, hapana.

Kwenye projekta, tafuta ya zamani kidogo yenye S-Video na umbo la picha la 4:3, ambayo mara nyingi hupatikana mitumba kwa sababu ofisi hazizitaki tena. Kama ina HDMI pekee, weka kifaa cha kubadilisha karibu na kompyuta, kisha waya mrefu uwe ule wa HDMI, usiozidi mita 10. Zima kila kitu, unganisha waya zote, washa projekta, na kompyuta iwe ya mwisho. Ingia kwenye menyu uchague PAL au NTSC mwenyewe badala ya kuiachia projekta ikisie, na uweke 4:3 ili picha isinyooshwe pembeni. Picha ikikaa upande, usiirekebishe kwa menyu, kwani projekta huichora upya na baadhi ya mistari ya herufi huwa minene kuliko mingine. Inua au sogeza projekta yenyewe mpaka kingo za picha zilingane na kingo za shuka jeupe ulilotundika ukutani.