Kuutambua Mchunga Shambani

Mchunga, mboga ya majani inayouzwa kwa mafungu sokoni Ngamiani, Tanga, ni wa jamii moja na alizeti, nao huota wenyewe katika mashamba ya mihogo na kando ya njia. Anayeuchuma mwenyewe hana budi kuwa mwangalifu, kwa kuwa magugu yenye maua ya manjano ni mengi.

Anza na majani. Yale ya chini hukaa kwa duara karibu na ardhi. Ni marefu, hayana kikonyo, na mengine yana ndimi chache pembeni. Yale ya juu hukumbatia shina kwa vipande viwili mfano wa masikio. Ukilikata jani, utomvu mweupe kama tui hutoka papo hapo. Utomvu peke yake usikuridhishe, maana yapo magugu ya jamii ya mnyaa yenye utomvu kama huo, nao ni sumu.

Ushahidi ulio bora umo katika ua. Shina la mchunga, lenye uwazi ndani, hugawanyika juu kuwa matawi yenye vichwa vidogo vya manjano, na kila kichwa kinachodhaniwa kuwa ua moja ni maua mengi yaliyobanana ndani ya kikombe cha kijani. Chomoa kile kinachofanana na petali moja, ukiweke juu ya ukucha: ncha yake ina meno matano madogo, na chini yake mna nywele nyeupe laini, zile ambazo baadaye hupeperusha mbegu. Hilo ni ua kamili, na yote yako hivyo mpaka katikati, bila kitovu cha umbo jingine kama cha alizeti.

Linaloweza kukupoteza zaidi ni gugu la jamii hiyohiyo, Sonchus oleraceus, lenye utomvu na ua la namna ileile. Kingo za majani yake zina meno mengi kama miiba laini, na liking'olewa hutoka na mzizi mmoja mkuu, kwani halidumu. Mchunga, ambao wataalamu huuita Launaea cornuta, hukatikia mkononi, ukiacha ardhini mashina yanayotambaa, nayo huchipua tena. Wakulima huulalamikia kwa hilo. Mimi naushukuru, kwa sababu ukishautambua kwa ua lake unaweza kuweka alama mahali pale, kisha ukarudi mvua zijazo kuchuma majani machanga, yaliyo mazuri zaidi kwa mboga.