Jinsi ya kuzipata tena zile katuni za kuimba tulizokulia na kumfundishia mtoto nyumbani

Kamwene wana Iringa na Njombe, wana Mbeya mugonile. Hii naiandika kwa wale tuliokuwa shule ya msingi mwaka 2014 Ubongo Kids inaanza kuruka TBC1, yaani sisi tuliokuwa tunaamka wikiendi asubuhi bila kuamshwa na mtu, na sasa hivi tuna watoto wetu au wadogo zetu au watoto wa dada wako la kwanza la pili wanahangaika na hesabu halafu sisi tumekaa tunasema enzi zetu katuni zilikuwa tamu. Zilikuwa tamu kweli, mimi nikizisikia mpaka leo nafurahi. Ila zile nyimbo zilitungwa zifundishe na kazi hiyo bado zinaiweza, kwa hiyo ngoja nielekeze namna ya kuzitafuta, kuzitunza na kuzitumia, hasa msimu huu wa baridi wa Juni na Julai shule zimefungwa na ikifika jioni hamna mtoto anayetaka kubaki nje.

Kabla hujashika simu kutafuta, imba kwanza. Imba unachokumbuka kuanzia mwanzo hata kama ni la la la, usijaribu kuanzia katikati maana wimbo unakuja kwa mpangilio, mstari mmoja unauvuta mwingine, ukiurukia katikati unakwama hapo hapo. Afu jirekodi utume voisi kwenye grupu la familia. Usiandike, tuma sauti. Utashangaa, kwetu dada anakumbuka maneno tu na kaka anakumbuka mdundo na ile sehemu ya kupiga makofi, mmoja peke yake hana wimbo ila tukiunganisha unatoka. Wakishajibu andika pembeni vitu vitatu tu, wimbo ulikuwa unahusu nini (sehemu kama nusu na robo, kuzidisha, pembe, vyovyote), nani alikuwa anaimba, Kiduchu, Koba, Amani au mwingine, na mstari wowote uliopatikana mzima mzima. Hiyo karatasi ndo itakuokolea bando.

Sasa kutafuta. Ubongo wenyewe wapo, kampuni ilianzishwa Dar es Salaam 2013 na watu watano, Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Arnold Minde, Cleng'a Ng'atigwa na Tom Ng'atigwa, na kazi zao wanaziweka YouTube wenyewe, za Kiswahili na za Kiingereza. Kwa hiyo ukitafuta andika kwa Kiswahili na uweke somo, mfano Ubongo Kids kuzidisha, usiandike tu katuni za zamani maana utaletewa takataka za kila aina. Kama mtoto bado hajaanza la kwanza mtafutie Akili and Me, ile ya Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro ambaye akilala anaingia Lala Land kucheza na marafiki zake wanyama. Hiyo ni ya herufi, namba na rangi na inaenda taratibu, Ubongo Kids inamfaa zaidi kuanzia miaka saba hivi. Mtoto wa miaka minne ukimuwekea wimbo wa sehemu atacheza tu muziki na hesabu itampita, sio kosa lake.

Angalizo, kuna watu wanachukua video za wenyewe wanazipandisha upya, na ili wasikamatwe wanageuza picha kulia iwe kushoto au wanapandisha sauti kidogo. Utajua kwa maandishi, ukiona namba au herufi kwenye skrini zimegeuka nyuma mbele achana nayo haraka sana, hasa kwa mtoto anayejifunza kuandika. Na sauti ikiwa nyembamba kuliko unavyoikumbuka, masikio yako hayajazeeka, wameivuruga. Tumia chaneli ya wenyewe.

Kutunza. Najua huku kwetu wengi hatutaki mtoto ashike simu yenye bando, na umeme wenyewe ndo hivyo, kwa hiyo bora viwe kwenye flashi. Kwenye tovuti ya Ubongo kuna vitu vya kupakua bure kwa ajili ya wazazi na walimu, anzia hapo ndo sehemu ya halali na salama, sio kwenda kujaziwa kwenye library ya muvi mtaani ambako hujui unachanganyiwa na nini. Flashi iwe imefomatiwa FAT32 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili, unauchagua wakati wa kufomati) maana tivii nyingi ndo zinaisoma bila usumbufu, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4 kwa hiyo usiunganishe nyimbo zote kuwa video moja ndefu. Video ziwe MP4, ubora wa 480p unatosha kabisa kwa katuni, usimalizie bando kwenye 1080p. Na majina ya mafaili yaanze na namba, 01, 02, 03, tivii itazipanga hivyo hivyo. Mimi naziweka kwa ugumu wa somo, kuhesabu mwanzo, kujumlisha, kuzidisha, halafu nyimbo za sehemu mwisho. Tengeneza na flashi ya pili umpe bibi au shangazi, za watoto zinapotea.

Haya, tivii ipo, flashi imeingia, hapa ndipo wengi tunapoachia njiani, tunawasha tunaenda jikoni. Mtoto atafurahi ndio, ila jedwali la saba hatalijua. Kuna kisa kimoja cha Marekani nakipenda sana kuhusu hili. Jamaa mmoja wa matangazo New York anaitwa David McCall aliona mwanawe jedwali la kuzidisha limemshinda kabisa lakini nyimbo za Rolling Stones anaziimba zote neno kwa neno, akasema basi tuliweke jedwali kwenye muziki. Akatafutwa mwanamuziki wa jazi, Bob Dorough, akatunga wimbo wa namba tatu, na kuanzia 1973 zikawa zinarushwa kwenye televisheni ya ABC wikiendi asubuhi katikati ya katuni nyingine, kila moja dakika tatu hivi, wakaziita Schoolhouse Rock. Dakika tatu tu. Hakuna aliyemkalisha mtoto saa mbili, wimbo ulikuwa mfupi na ulikuwa unarudi kila wiki.

Basi fanya hivyo hivyo. Chagua wimbo mmoja kwa wiki. Siku ya kwanza waangalie mara mbili na wewe ukiwa umekaa hapo hapo unaimba, tena imba kwa sauti, usione aibu. Siku ya pili waangalie mara moja, ukirudia mara ya pili shika rimoti zima sauti, picha iendelee watoto waimbe wenyewe. Hii ndo siri kubwa ya mambo yote ninayoandika hapa. Sauti ikizimwa unaona waziwazi nani anajua na nani alikuwa anafuata kwa kuchelewa nusu neno, yule anayefungua mdomo akisubiri mwenzake aanze. Usimchambe, rudisha sauti kidogo pale alipokwama halafu zima tena. Siku ya tatu zima na tivii. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo msinyamaze, endeleeni, watoto wanapenda hiyo kuliko hata katuni yenyewe. Ukiwa na sabufa punguza besi maana inameza maneno na sisi hapa tunatafuta maneno.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019, mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Nyimbo mbili tatu zinaingia humo vizuri tu. Na kwa sababu ya baridi yetu hii nawaomba sana, msiingize jiko la mkaa sebuleni mkafunga madirisha eti watoto waangalie katuni kwa joto. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, inaua watu wamelala. Blanketi na chai ya moto vinatosha.

Kitu kingine wimbo peke yake haukimalizi. Mtoto akiimba jedwali anajua mpangilio, muulize saba mara sita ghafla utamuona anaanza kuimba kimoyomoyo tangu mwanzo mpaka afike. Sio mbaya, ni hatua, ila msaidie avuke. Mpeleke sokoni, Mwanjelwa au Soko Matola au popote ulipo, simameni kwenye mafungu ya nyanya. Fungu moja lina nyanya tano, mama kapanga mafungu sita, zote ngapi? Mwache aguse kwa macho fungu moja moja, tano, kumi, kumi na tano, utamuona kichwa kinatikisika kidogo anaufuata mdundo, halafu anasema thelathini. Hapo wimbo umekutana na nyanya. Ukifika nyumbani rudia na maharage kwenye sinia au maparachichi, panga, vuruga, panga tena kwa idadi nyingine. Siku nyingine muulize bila mpangilio kabisa, nane mara tatu, mbili mara tisa, mkiwa mnatembea.

Mwisho tungeni wa kwenu, maana sio kila somo mtalikutia wimbo. Chukueni mdundo mnaoujua tayari nyumbani, wa kwaya, wa mchezo wa kuruka kamba, wowote. Tatizo ni namba zetu, saba ina silabi mbili na arobaini na tisa zinafika nane, mdundo mmoja hauwezi kuzibeba zote sawasawa na ndo maana watu wakijaribu wanaishia kukimbiza maneno mpaka namba hazisikiki. Dawa yake, namba fupi ziongezee maneno, namba ndefu ziache zijaze mstari zenyewe. Kama hivi:

Saba mara moja, saba, twendeni Mwanjelwa
Saba mara mbili, kumi na nne, ni ndizi
Saba mara tatu, ishirini na moja eee
Saba mara saba, arobaini na tisa

Unaona mistari inavyolingana? Kofi lipigwe silabi ya pili kutoka mwisho wa namba, pale sauti inapokaza, MO ya moja, TI ya tisa, mkipiga penginepo wimbo utakuwa mzito kuimba na watoto watauacha. Waache wao wachague maneno ya kujazia, jina la mbwa wenu, jina la mtaa, chochote. Rekodini kwenye simu, upeni namba kama mafaili mengine, muuweke kwenye ile flashi.

Baada ya siku kadhaa utausikia unaimbwa nje na watoto wa jirani na maneno yatakuwa yameshabadilika, Mwanjelwa imekuwa Uyole, ndizi zimekuwa viazi. Waacheni. Ila mkisikia saba mara tatu imekuwa ishirini na mbili, simamisheni hapo hapo, muanze tena kutoka saba mara moja.