Kupima ukali wa siki kwa bureti

Kabla hujagusa koki ya bureti (ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo), nenda kwenye sinki. Naanzia hapo kwa makusudi. Nina miaka 14 ya kutunza maabara ya sekondari hapa Tanga, na majibu mengi niliyoyaona yakiharibika yaliharibikia kwenye kusuuza, wala si kwenye hesabu.

Tunachotafuta ni kama siki nyeupe ya dukani ina asidi asilimia 5 kama lebo inavyodai. Tutaidondoshea kostiki kutoka kwenye bureti mpaka asidi yake iishe, na kiasi cha kostiki kilichotumika ndicho kitakachotupa jibu. Usichukue siki ya kahawia. Itakuficha rangi mwishoni.

Bureti isuuze kwa maji yaliyokenekwa (maji safi yanayotokana na mvuke uliopozwa), halafu kwa kostiki yenyewe utakayoijaza. Tia kama mililita 5, ilaze, izungushe mpaka ilowe ndani kote, kisha toa kwa chini kupitia koki. Rudia. Pipeti, mrija wa kuvutia ujazo kamili, nayo vivyo hivyo, ila kwa siki utakayoivuta. Ukiacha matone ya maji ndani, yatazimua utakachokijaza. Flaski ya koni, ile tunayodondoshea kostiki, ndiyo inayowaponza watu: hiyo suuza kwa maji matupu, basi. Ukiisuuza kwa siki, ile iliyobaki kwenye kuta inaongezeka juu ya mililita 25 ulizopima, na hutajua imeongezeka kiasi gani. Maji yakibaki humo hayana neno, kwani asidi uliyoitia ni ileile. Kila mwaka hakosi kijana mmoja mwenye bidii wa kuisuuza flaski kwa siki "ili iwe safi zaidi, mwalimu."

Maji yaliyokenekwa yakikuishia, maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa. Soma chupa vizuri lakini, maana pembeni yake huuzwa asidi ya betri na chupa zinafanana kama mapacha.

Sasa kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ile ile ya watengeneza sabuni. Kwa lita moja pima gramu 4, uitie kidogo kidogo kwenye maji huku ukikoroga, sio maji juu yake. Itapata joto. Vaa miwani, ikirukia jicho, ni maji yanayotiririka kwa dakika 15 halafu hospitali. Itunze kwenye chupa ya plastiki. Gramu 4 kwa lita inapaswa kukupa molari 0.1 (yaani moli 0.1 kwa kila lita), lakini usiiamini lebo uliyoiandika mwenyewe. Angalia vile vipande vyeupe kwenye mizani: ukizubaa dakika mbili vinaanza kung'aa kwa unyevu, maana vinavuta maji ya hewani, tena huku kwetu pwani! Umepima kostiki pamoja na maji.

Dawa yake ni kuipima kwa kitu kisichobadilika. Mimi natumia fuwele za asidi ya oksaliki: gramu 1.575 kwenye flaski ya ujazo ya mililita 250, ujaze maji mpaka mstari wa shingoni. Hiyo ni molari 0.05. Ni sumu, usiionje wala kuinyonya. Ukizipima kwa bureti kama nitakavyoeleza kwa siki, mililita 25 zake zingehitaji kostiki mililita 25 kamili kama kostiki ingekuwa molari 0.1. Mara ya mwisho mimi nilipata 26.30, maana yake kostiki yangu ilikuwa 0.095. Andika namba hiyo kwenye chupa, pamoja na tarehe.

Siki yenyewe ni kali mno kwa bureti moja, kwa hiyo izimue mara kumi: pipeti moja ya mililita 25 kwenye flaski ya 250, maji mpaka mstarini, kisha pindua flaski juu chini mara nyingi. Pipeti usivute kwa mdomo. Nilivuta hivyo zamani, siku moja ncha ikatoka kwenye kostiki bila mimi kuona, nayo ikanijia ulimini ghafla. Inateleza kama sabuni halafu inababua. Huna mpira wa kuvutia? Sindano ya plastiki na kipande cha mpira vinatosha. Ukitoa, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski na uliache tone la mwisho humo humo ndani ya pipeti. Usilipulize, pipeti imetengenezwa ikilihesabu.

Jaza bureti kwa faneli, kisha ondoa faneli, maana hudondosha tone wakati umeshasoma. Fungua koki kwa nguvu mara moja ili hewa iliyo chini yake itoke. Shusha jicho lilingane na uso wa mmumunyo, usome pale uso huo ulipozama chini kabisa katikati.

Kwenye flaski ya koni tia kwa pipeti mililita 25 za siki uliyoizimua, na matone mawili ya fenolfthaleini (dawa inayogeuka pinki asidi ikiisha), karatasi nyeupe chini. Mara ya kwanza ni pailoti, yaani ya kujaribia tu, iende haraka ujue mwisho uko wapi. Zinazofuata, ukikaribia mililita 2 za mwisho, punguza mpaka tone moja moja. Utaona pinki inatokea tone linapoangukia na kupotea ukizungusha. Inavyochelewa kupotea ndivyo ulivyokaribia. Simama kwenye pinki hafifu inayodumu nusu dakika, ile ya kubishania. Ikikolea kama juisi ya rozela umepita. Ikififia baadaye usishtuke wala kuongeza tone. Ni hewa ya kaboni dioksidi inaingia.

Vipimo viwili au vitatu visipishane zaidi ya mililita 0.1. Mimi nilipata wastani wa 21.50. Basi 0.095 mara 21.50, gawa kwa 25, ni 0.0817, mara kumi ni 0.817, mara 60 (gramu za moli moja ya asidi ya siki) ni gramu 49 kwa lita, yaani asilimia 4.9. Ningetumia ile 0.1 ningepata 5.2, nikamsifu mwenye siki bure.

Bureti ioshe siku hiyo hiyo. Yetu moja ya koki ya kioo ilikaa na kostiki tangu Ijumaa; Jumatatu koki imeshika, nikaichovya maji ya moto, nikaisokota, ikakatika mkononi. Siku hizi naosha, napaka koki mafuta ya mgando kidogo sana yasizibe tundu, naiangika kichwa chini, koki wazi.