Namna ya kuipima haya yako kwa vipimo vya Confucius na Mencius

Haya inapokunyima usingizi, iulize swali moja kabla ya lolote: imetokana na jambo nililotenda, au na kitu nisichokuwa nacho? Mambo mengine yote katika mwongozo huu yanategemea swali hilo.

Nilifundisha Historia hadi nikastaafu, na sasa ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kibokoni. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonirudisha kwa wahenga wa China ya kale, Confucius na waliomfuata, kwa sababu mtu akishindwa kutoa mchango, kinachomuumiza zaidi ya pesa ni uso wake. Wengine huacha hata kupita njia ya nyumbani kwangu.

Anza kwa kuiheshimu haya yenyewe. Aliyeumizwa nayo hutamani kuing'oa, lakini Mencius, aliyeishi karne ya 4 KK, asingekubali. Alisema kila mtu anayo machipukizi manne moyoni: huruma, haya, staha ya kumpisha mwenzake, na kutambua lililo sawa na lisilo sawa. Huruma aliieleza kwa mtoto anayekaribia kutumbukia kisimani: yeyote amwonaye hushtuka, wala hashtuki kwa kutaka sifa za majirani. Haya nayo ikilelewa hukua ikawa uadilifu, na asiyekuwa nayo kabisa Mencius hakumhesabu kuwa mtu. Zaidi ya miaka 1,400 baadaye, mwanachuoni wa China Zhu Xi (1130–1200) alifafanua kwamba chipukizi hilo lina pande mbili: kuona soni kwa ubaya wako mwenyewe, na kuchukia ubaya wa wengine. Pande zote mbili zahusu ubaya. Umaskini haumo.

Basi ondoa yasiyohusika. Harusi zetu hapa Mombasa huchukua siku kadhaa, na kila siku ina sare yake. Najua wanaokopa ili wasionekane na dera lilelile mara mbili. Confucius alisema msomi aliyeitia nia yake katika Njia, yaani mwenendo ulio sawa, kisha akaona haya kwa nguo duni na chakula duni, hafai hata kushauriana naye. Tena alimsifu mwanafunzi wake Zilu, aliyeweza kusimama na joho kuukuu kando ya watu waliovaa manyoya ya mbweha, asitahayari. Xunzi, mhenga mwingine aliyekuja baada ya Mencius, katika karne ya 3 KK, akalipanga jambo hili vizuri zaidi kuliko wote. Ipo fedheha itokayo na mwenendo wako, na ipo inayokushukia kutoka nje: kutukanwa, kupigwa, kufungwa. Hii ya nje yaweza kumpata hata muungwana. Ile ya mwenendo haimpati. Muungwana huona haya kwa kutokuwa mwaminifu, haoni haya kwa kutoaminiwa.

Chukua karatasi uiandike haya yako kwa sentensi moja. Ikianza na "Nili", kama vile "Nilimwahidi mamangu dawa nikazitumia pesa kwa mambo yangu", iweke, ina kazi. Ikianza na "Sina", au "Walinisema", au "Waliniona nikishuka matatu wenzangu wakija na magari", ikate mstari. Itarudi usiku, nawe uikate tena. Mimi nimewaona wanawake wakilia kwa faraja baada ya zoezi hili dogo, na ndiyo sababu nalisisitiza.

Sehemu ngumu ni kutafuta pale ambapo huoni haya na ingefaa uone. Mencius anasema mtu mwenye kidole kilichopinda, hata kama hakimuumi, atasafiri mbali kumtafuta wa kukinyoosha. Moyo wake ukipinda, hata hajali. Anacho pia kisa cha bwana mmoja wa Qi, dola mojawapo ya China ya kale, aliyeishi na mke na suria. Kila akitoka hurudi ameshiba nyama na divai, akiulizwa alikula na nani, huwataja matajiri na wakubwa watupu. Mke akashangaa kwamba hajawahi kuja mgeni yeyote wa maana nyumbani. Asubuhi moja akamfuata kimyakimya. Mjini hapakuwa na hata mmoja aliyesimama kuzungumza na mumewe. Mwishowe bwana akafika makaburini nje ya mji, akawa anaomba mabaki ya sadaka za wafu. Yasipomtosha, anakwenda kwa wengine. Mke akarudi akamweleza mwenzake, wakaketi uani wakalia. Bwana akaingia akitamba kama kawaida, hajui lolote. Mencius anaongeza kwamba wake za wanaosaka mali na vyeo, lau wangeona namna vinavyosakwa, ni wachache wasingelia.

Kisome kisa hicho mara mbili, kisha jiulize ni kipi mwenzako wa nyumbani angekiona akikufuata. Halafu tazama mtaa wako. Sisi humsengenya anayekopa unga dukani, na aliyejitwalia kiwanja cha umma tunamketisha kiti cha mbele harusini. Confucius alisema nchi ikitawaliwa vyema, kuwa fukara na duni ni aibu. Ikitawaliwa vibaya, kuwa tajiri na mheshimiwa ndiyo aibu.

Kuhusu ahadi sitasema mengi. Uungwana ni vitendo, na Confucius naye alisema watu wa kale walichelea kusema kwa kuona haya kwamba vitendo vyao visingefikia maneno yao. Kwenye kikao cha mchango wa harusi, taja kiasi ambacho tayari kiko mkononi.

Sasa njoo kwa haya za watu wengine, ambazo zataka uangalifu mkubwa kuliko zako. Katika chama chetu lilikuja pendekezo la kubandika majina ya wadaiwa kwenye grupu ya WhatsApp kila Ijumaa. Nililipinga kwa nguvu zangu zote. Confucius alishasema kwamba ukiwaongoza watu kwa amri na kuwanyoosha kwa adhabu, watakwepa adhabu na haya hawatakuwa nayo. Ukiwaongoza kwa wema na adabu, watakuwa na haya na watajinyoosha. Anayetangazwa hafikirii deni lake. Anafikiria nani ameona. Nendeni wawili tu, baada ya alasiri, mketi, muulize hali kwanza, kisha mwacheni yeye mwenyewe ataje kiasi na tarehe, na mkiandike daftarini mbele yake. Faini ibaki kwenye kanuni, isomwe mwanzo wa mwaka kabla haijawa na jina la mtu.

Vivyo hivyo kwa futari za Ramadhani, na hapa nasema kwa uchungu. Mencius anasema kikapu cha chakula na bakuli la mchuzi huweza kuwa uhai au mauti kwa mwenye njaa. Lakini ukimpa mpita njia kwa kumfokea, hapokei, na ukikikanyaga kwanza, hata mwombaji atakikataa. Mjane anayepangwa foleni juani, akakabidhiwa mchele na tende mbele ya kamera, amekanyagiwa chakula chake. Peleka mizigo usiku baada ya tarawehe, mlango kwa mlango, na mfadhili akitaka ushahidi apigiwe picha magunia yakiwa bado dukani, pamoja na risiti.

Ukikosea kweli, usijifungie ndani. Katika Mazungumzo ya Confucius, kitabu cha kauli zake na za wanafunzi wake, imo kauli ya mwanafunzi wake kwamba makosa ya muungwana ni kama kupatwa kwa jua na mwezi: kila mtu huyaona, na akijirekebisha kila mtu humtazama kwa heshima. Sema ulichofanya kwa uliyemkosea, lipa, maliza.

Mwisho ni jambo la kusitiri. Mtawala mmoja alimwambia Confucius kwamba kwao yuko mtu mnyofu ambaye babake alipoiba kondoo, alitoa ushahidi dhidi yake. Confucius akajibu kwamba kwao baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba. Kwa kondoo nitakubali, na mapenzi ya nyumba si kitu cha kuchezea. Lakini nimesikia maneno hayohayo yakitumika mtoto alipodhulumiwa kingono na ndugu wa familia: "Tusijitie aibu." Hapo namfuata Xunzi, aliyefundisha kumfuata baba pale tu haki inapokubali. Mtoto huyo imemshukia fedheha ya nje, hana kosa. Aibu ni ya aliyetenda na ya wanaomficha. Usimwogeshe, usisubiri kikao cha wazee. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani, au hospitali yoyote iliyo karibu, siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, haitozwi.